Emily Kngwarray hajagunduliwa na London: fuateni nyayo za Hetti Perkins

Tangu Julai 2025 kila nikifungua simu nakutana na picha zilezile za Tate Modern, lile jumba kubwa la sanaa la London, watu wamesimama mbele ya turubai kubwa limejaa vidoti na mistari, na maelezo chini yake yanafanana yote: bibi mzee kutoka jangwani Australia, alianza kuchora akiwa na miaka zaidi ya 70, na sasa London imemtambua. Ndugu yangu mmoja anayeishi kule alinitumia picha tatu na ujumbe mfupi, "huyu mama walikuwa wamemficha wapi siku zote?" Hilo swali ndo limenifanya niandike, maana ukweli ni kwamba hakuna aliyemficha. Emily Kam Kngwarray, mwanamke wa Kianmatyerr, moja ya jamii za Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, kutoka Alhalker, sehemu ya eneo linaloitwa Utopia kaskazini mashariki mwa Alice Springs, alifariki Septemba 1996, na kazi zake zilishafika Venice mwaka 1997, kwenye yale maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa, zikafika Osaka na Tokyo mwaka 2008, na kote huko zilibebwa na watu wenye majina yao na jasho lao. Kwa hiyo mi naona hii habari ya "ugunduzi" inapotosha vibaya. Kilichotokea Tate ni matunda ya zaidi ya miaka 30 ya Waaborijini wenyewe walioingia ndani ya majumba makubwa ya sanaa wakakaa kwenye kiti cha mratibu wa maonyesho, na ukitaka kukielewa vizuri fuata maisha ya kazi ya mmoja wao, Hetti Perkins, badala ya kufuata bei za mnadani au sifa za magazeti ya Uingereza.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu hiyo kazi yenyewe, maana wengi tukisikia mratibu wa maonyesho tunafikiria mtu wa kutundika picha na kuangalia kama taa zinawaka. Huyu ndo anaamua nani aingie na nani abaki nje, kazi ipi ikae jirani na ipi, kile kibao kidogo pembeni ya picha kiandikwe nini, jina la msanii liandikwe kwa tahajia ya nani, na hela ya jumba itumike kununua kazi ya nani ikae pale moja kwa moja. Sasa chukua hayo madaraka uyapeleke Australia, nchi ambayo kwa miaka mingi vitu vya Waaborijini vilikuwa vinawekwa kwenye makumbusho ya mambo ya asili, nyumba moja na ndege waliokaushwa na mifupa ya wanyama, na aliyeandika vibao ni mtaalamu mzungu aliyekwenda kukaa kijijini miezi kadhaa akarudi na daftari lake. Mara nyingi mchoraji hata jina hana, imeandikwa tu gome la mti lililochorwa na mahali lilipotoka, basi imeisha. Mwaborijini akikaa kwenye kile kiti cha kuamua, kinachobadilika ni mtu gani ana haki ya kusema hiki kitu ni nini.

Perkins amezaliwa 1965, kwa asili ni Arrernte wa Mashariki na Kalkadoon, na Februari ya mwaka huohuo baba yake, Charles Perkins, alikuwa kwenye basi na wanafunzi wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney wakizunguka miji midogo ya New South Wales kuanika ubaguzi uliokuwepo. Pale Moree bwawa la kuogelea la mji lilikuwa haliwapokei watoto wa Kiaborijini, kwa hiyo wale wanafunzi wakawachukua watoto wakaenda nao mpaka mlangoni, wakasimama pale, wakafanyiwa fujo, wakaendelea kusimama. Simtaji baba ili nimpambe binti kwa jina la ukoo. Namtaja kwa sababu ya ile njia aliyotumia, ya kwenda mpaka mlango wa taasisi yenyewe, ukiwa na watu wako, ukidai kuingia kama wenye haki na si kama wageni wanaoonewa huruma, na ukiangalia alichofanya Hetti miaka iliyofuata utaona ni njia hiyohiyo ila mlango ni wa jumba la sanaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifanya kazi Boomalli, ushirika wa wasanii Waaborijini ulioanzishwa Sydney mwaka 1987 na wasanii kumi, na hapa panahitaji kuelezwa taratibu kwa sababu ndipo msingi wote ulipo. Wakati ule soko lilikuwa limeshaamua Mwaborijini wa kweli ni yupi, ni yule wa jangwani au wa Arnhem Land kule kaskazini, anayechora vidoti au mistari inayokatana kwenye gome, asiyeongea Kiingereza sana. Aliyezaliwa mjini, aliyepiga picha kwa kamera, aliyesoma chuo cha sanaa, aliyechukuliwa mikononi mwa wazazi wake na serikali akalelewa na wazungu, huyo akipeleka kazi yake galari anaambiwa hii mbona sio ya Kiaborijini. Fikiria hiyo, serikali inakutoa kwa mama yako kwa nguvu ili usiwe Mwaborijini, halafu soko linakukataa kwa sababu hujawa Mwaborijini wa kutosha. Boomalli walikataa huo mgawanyo, wakatafuta jengo lao wenyewe, wakaonyesha picha zao wenyewe, kina Tracey Moffatt, Michael Riley, Fiona Foley, Bronwyn Bancroft, Brenda Croft. Perkins alitokea humo, na akaondoka na ule msimamo wao.

Ndo maana Venice ya 1997 ni muhimu kuliko watu wanavyoipa uzito. Australia ilikuwa imeshapeleka Waaborijini wawili kule mwaka 1990, Rover Thomas na Trevor Nickolls, lakini 1997 Perkins na Brenda Croft wakishirikiana na Victoria Lynn wakapeleka wanawake watatu chini ya jina fluent, na ukiwaangalia hao watatu unaona hoja nzima. Mmoja ni Emily Kngwarray mwenyewe, bibi wa jangwani, alikuwa amefariki miezi tisa kabla. Wa pili Yvonne Koolmatrie, Mngarrindjeri wa kusini, anayesuka mitego ya mikunga kwa nyasi za mtoni kwa ufundi uliokuwa unakaribia kupotea. Wa tatu Judy Watson, Mwaanyi aliyepita vyuo vya sanaa, anayechora kumbukumbu za mauaji na ardhi ya bibi yake kwa namna ambayo ukimweka kwenye galari yoyote ya mjini hutashtuka. Msusi, msomi na bibi wa porini ukumbi mmoja, kwa hadhi moja, bila kibao kinachosema huyu ni wa asili zaidi na huyu ni wa kisasa zaidi. Hilo halikutokea kwa bahati, kuna watu walikaa wakalibishania, na walipolishinda pale Venice, mbele ya dunia nzima ya sanaa, ule mgawanyo wa jangwani na mjini haukusimama tena kama mwanzo. Na hesabu yenyewe ndo hii, kutoka Venice 1997 mpaka Tate 2025 ni miaka 28. Mtu aliyekuwa Venice miaka 28 iliyopita anagunduliwa vipi leo?

Perkins hakuwa wa kwanza pia, na yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kulisema. Kabla yake kuna Djon Mundine, Mbundjalung aliyekuwa mshauri wa sanaa Ramingining, Arnhem Land, ambaye 1988 nchi ikiwa inajiandaa kusherehekea miaka 200 ya kufika kwa meli za Waingereza yeye na wasanii 43 wa pale wakatengeneza magogo 200 yaliyo wazi ndani, yale ambayo kwa mila yao hutiwa mifupa ya marehemu, gogo moja kwa kila mwaka, kuwalilia wale waliokufa wakitetea ardhi yao na hawakuzikwa. Leo yako kwenye jumba la taifa la sanaa Canberra, unapita katikati yake kama unapita msituni. Mundine ndo alileta lile wazo na wasanii wakalijaza kwa koo zao na michoro yao, na hapo unaona mratibu anaweza kufanya nini akiwa anatoka ndani. Mwaka 1993 akawa mmoja wa waliotengeneza yale maonyesho makubwa ya Aratjara yaliyoanzia Düsseldorf yakaenda London kwenye Hayward Gallery na baadaye Denmark, kwa hiyo hata London yenyewe ilishayaona mambo haya zaidi ya miaka 30 iliyopita. Na hapohapo kwenye hayo maji ya Arnhem Land, tukiwa watu wa pwani tusisahau, mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota kwenye kisiwa cha Marchinbar sarafu za zamani, tano kati yake zikaja kutambulika ni za Kilwa yetu, na mpaka leo kinachosimuliwa ni nani aliziokota, ila wenye kisiwa, Wayolngu, ambao ardhi ile ni yao na bahari ile wameijua tangu enzi, kwenye hiyo hadithi wanapita tu kama mandhari. Ndo tabia ya neno "kugundua", linamtaja aliyechelewa kufika.

Baadaye Perkins akawa mratibu mkuu wa sanaa ya Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait kwenye Art Gallery of New South Wales, na mwaka 2000, Olimpiki zikiwa Sydney na macho ya dunia yote yako pale, yeye na Hannah Fink wakaweka maonyesho ya Papunya Tula, ile kampuni ya wachoraji wa jangwa la magharibi iliyoanza 1972 baada ya wazee kuanza kuchora kwenye vibao mwaka mmoja kabla. Hapa kuna jambo ambalo mtu wa nje halioni. Baadhi ya vile vibao vya mwanzo vina alama za jando na ibada ambazo wanawake na watoto hawatakiwi kuziona, wazee walizichora wakati bado hawajajua picha zitafika wapi, wakaja kushtuka, na baadaye ndo wakaanza kuzifunika kwa vidoti. Sasa mratibu anayejua hilo anafanya nini na kibao chenye thamani kubwa ambacho kila mgeni angetaka kukiona? Anakwenda kuuliza wenye nacho, na wakikataa hakionyeshwi, hata kama kingejaza ukumbi. Hiyo hatua ya kuuliza haionekani ukutani wala haiandikwi na waandishi wa magazeti, na mimi naamini ndo sehemu kubwa ya kazi yote ya Perkins na wenzake.

Tukija Paris 2006 mambo yanakuwa magumu zaidi na sitaki kuyapitia juu juu. Makumbusho ya quai Branly yalipofunguliwa, Perkins na Croft walichagua wasanii wanane ambao kazi zao zikawekwa kwenye jengo lenyewe, kina John Mawurndjul, Gulumbu Yunupingu, Ningura Napurrula, Tommy Watson, Judy Watson, Lena Nyadbi, Paddy Bedford, na marehemu Michael Riley, kazi zikapakwa na kuchapwa kwenye dari na kuta na vioo, unaweza kuziona ukiwa barabarani usiku taa zikiwaka, na 2013 mchoro wa Nyadbi ukawekwa juu ya paa lote ili aliyepanda mnara wa Eiffel auone. Wakosoaji walisema mambo mawili na yote yana uzito. Kwanza, haya ni makumbusho ya vitu vya tamaduni za mbali, vingi vyake vilikusanywa enzi za ukoloni, kwa nini msanii aliye hai apelekwe huko na si kwenye jumba la sanaa ya kisasa pamoja na wasanii wengine walio hai? Pili, dari za jengo la ofisi ni mapambo, mgeni wa kawaida hata hafiki. Mi nakubali sehemu kubwa ya hizo hoja. Lakini nauliza, mwaka ule milango mingine mikubwa ya Paris ilikuwa wazi? Perkins na Croft walikuwa na nafasi moja, wakaingiza majina manane kamili, kila mmoja na lugha yake na ardhi yake, ndani ya jengo ambalo kawaida yake ni vitu visivyo na majina. Nisingesema ni ushindi mkubwa, ila pia sikubaliani na anayesema walitumiwa.

Sasa kuna wanaosema haya yote ni maneno, kilichompeleka Kngwarray duniani ni soko. Wana ushahidi wao. Mei 2007 mchoro wake mmoja mkubwa uliuzwa mnadani kwa dola za Australia 1,056,000, wa kwanza wa Mwaborijini kupita milioni, miezi miwili baadaye kazi ya Clifford Possum Tjapaltjarri ikauzwa kwa milioni 2.4, na 2017 ule mchoro wa Kngwarray ukauzwa tena kwa milioni 2.1. Bei inavuta macho, sikatai, na hata kiangazi cha 2025 galari kubwa ya biashara ilifungua maonyesho yake ya Kngwarray London wakati uleule wa Tate. Ila angalia mpangilio wa miaka. Kama bei ndo inafungua majumba, kwa nini kutoka ile milioni ya 2007 mpaka maonyesho ya kwanza makubwa ya huyu mama Ulaya ipite miaka 18? Na bei haimlipi aliyechora. Sheria ya Australia ya kumpa msanii au warithi wake asilimia 5 kazi inapouzwa tena imeanza Juni 2010, kwa hiyo mauzo ya 2007 hayakuwa ndani yake. Soko hilohilo limejaza maduka ya watalii vitu vya kuigiza, na ripoti ya Productivity Commission, tume ya serikali ya Australia inayochunguza uchumi, ilionyesha mwaka 2022 kwamba zaidi ya nusu ya hela za zawadi za mtindo wa Kiaborijini zinakwenda kwenye vitu ambavyo Mwaborijini hakuvigusa. Huyu Kngwarray mwenyewe anakadiriwa kuacha kazi karibu 3,000 ndani ya miaka kama minane ya kuchora kwa akriliki, na nyingi alizichora wafanyabiashara wakiwa wanamzunguka kila mmoja anataka yake. Ilibidi atokee mtu wa kuchagua zipi ndo zimebeba uzito wake, na mnada hauna kazi hiyo.

Wengine wanasema tusiwasahau wazungu waliosaidia, na hapa nakubaliana nao zaidi. Geoffrey Bardon, mwalimu wa shule Papunya mwaka 1971, aliwapa wazee rangi na moyo wakati wakubwa wake hawakutaka kusikia. Utopia wanawake walianza na batiki mwaka 1977, ile ile ya nta na rangi tunayoijua huku, na kuna wakufunzi na washauri wa sanaa wa kizungu waliokuwa nao jangwani kwa miaka na miaka kwa mshahara mdogo. Hao wanastahili heshima. Ila tofauti iko hapa, mshauri wa sanaa anasaidia kazi itoke kijijini, na ikishatoka inaingia kwenye nyumba ambayo sheria zake zimeandikwa na wengine. Bila Mwaborijini ndani ya hiyo nyumba kazi inapokelewa vizuri, inasifiwa, halafu inaelezwa vibaya.

Na hapo ndo nafika kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndo inapendwa zaidi mtandaoni, kwamba sanaa nzuri inajieleza yenyewe, huhitaji mratibu wala Mwaborijini wa kukuambia, simama mbele ya turubai utahisi. Watu wanasema hivyo halafu sentensi inayofuata wanamfananisha na Monet wa Ufaransa au Pollock wa Marekani au sanaa dhahania ya Marekani. Yaani picha imejieleza yenyewe na imejieleza kwa Kifaransa na Kiingereza! Huyu mama hakujifunza kutoka kwa hao. Alikuwa amechora kifuani na mabegani mwa wanawake wenzake kwa ajili ya awely, ibada ya wanawake, kwa miongo mingi kabla ya kushika turubai, na akiulizwa anachora nini alijibu kwamba ni vyote kwa pamoja, kile kiazi pori chembamba, mijusi, mbegu, emu, nchi yake nzima. Lile jina Kam ni mbegu za hicho kiazi. Kngwarray ni jina la ukoo, linaeleza nani ndugu yake na nani anaweza kumuoa. Ile mistari myeupe juu ya rangi nyeusi inayoenda kila upande kwenye turubai la mita nane ambayo wageni wanaisifia kama ujasiri wa kisasa ni mizizi ya hicho kiazi ikipasua ardhi, na anayeijua ardhi ile anajua nyufa zinaonyesha pa kuchimba. Unaweza kuipenda picha bila kujua haya yote, hakuna anayekukataza, mimi mwenyewe niliipenda kabla sijajua. Lakini kusema hakuna cha kujua ni kumnyang'anya mama wa watu elimu yake ukamwachia kipaji tu, kama vile mkono ulikuwa unachora na kichwa kimelala. Na ardhi yenyewe ilikuwa na kesi, mwishoni mwa miaka ya 1970 watu wa Utopia walidai kisheria warudishiwe nchi yao na wakarudishiwa, na kina mama waliokuwa wanatengeneza batiki walikuwa sehemu ya hayo mapambano.

Kwa hiyo ukilinganisha, pingamizi lenye nguvu kweli haliko kwenye soko wala kwenye "picha inajieleza". Liko kwenye swali kwamba je, kupeleka hizi kazi duniani kumewasaidia nini Waaborijini? Australia inapenda kuziweka kwenye ofisi za ubalozi, kwenye ndege, kwenye ufunguzi wa michezo. Oktoba 14, 2023 wananchi waliulizwa kwenye kura kama Waaborijini na watu wa Torres Strait wawe na chombo chao cha kulishauri bunge ndani ya katiba, asilimia 60 wakasema hapana, majimbo yote sita yakasema hapana. Wiki saba baadaye maonyesho ya Kngwarray yakafunguliwa Canberra. Nchi ileile. Na Aprili 2024 Archie Moore, Mkamilaroi na Mbigambul, akaipa Australia Simba wa Dhahabu wa kwanza, ile tuzo ya juu ya Venice, kwa ukoo wake aliouchora kwa chaki kuta nzima na dari kurudi nyuma miaka 65,000, na katikati rundo la nyaraka za Waaborijini waliofia mikononi mwa dola. Mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba sanaa imekuwa njia ya nchi kujisikia vizuri bila kutoa kitu. Perkins alishaliona hili mapema kuliko wengi wetu. Mwaka 2011, akiwa na zaidi ya miaka 10 kwenye kile kiti cha Sydney, kiti ambacho kila mratibu angekililia, aliacha kazi, na akasema wazi Waaborijini wanahitaji taasisi yao ya kitaifa wanayoiongoza wao. Hakusema majumba makubwa hayana maana. Ila mimi namwelewa hivi, chumba ndani ya nyumba ya mtu kitabaki chumba. Mpaka leo ile ndoto inasuasua, jumba lililopangwa Alice Springs limeingia kwenye mvutano wa miaka kuhusu kiwanja tu.

Hata hivyo hakukaa pembeni. Alirudi kama mratibu wa kualikwa, akafanya yale maonyesho ya kila baada ya miaka kadhaa ya sanaa ya Waaborijini pale Canberra mwaka 2022, halafu yeye na Kelli Cole, Mwarumungu na Mluritja, wakaanza hii ya Kngwarray iliyofunguliwa Canberra. Walikwenda Utopia wakakaa na kina mama wa familia, wakauliza picha ipi ni wimbo gani na nani anaruhusiwa kuusema, na jina likaandikwa kwa tahajia ya Kianmatyerr, Kngwarray, badala ya ile Kngwarreye iliyozoeleka kwenye minada. Kilichofunguliwa London kimejengwa juu ya hayo, Cole ndiye aliyekiongoza, akiwa na Kimberley Moulton wa Yorta Yorta aliyeko Tate na wengine. Ukisoma habari nyingi za magazeti majina haya yako aya ya mwisho au hayapo.

Na hilo lina gharama, sio suala la heshima tu. Jumba lolote Ulaya likiamini kwamba Kngwarray alijileta kwa kipaji na bei, mwaka kesho litaazima michoro kumi kutoka kwa tajiri mmoja, litaandika vibao kwa kutumia vitabu, na halitaona sababu ya kumlipa mtu wa kwenda Utopia kuuliza. Nafasi ya Moulton pale Tate ilianza 2023 kwa hela za mfadhili, nafasi ya kuambatana tu, si ajira ya kudumu. Maonyesho yalipangwa kufungwa Januari 11, 2026, turubai zifungwe kwenye makreti zirudi Canberra, Melbourne na kwa wenyewe. Mi nitaangalia kama ile nafasi itageuzwa kuwa ajira ya kudumu, na kama kwenye mlango wa ofisi jina litakuwa bado ni la mtu anayeweza kupiga simu Utopia ikapokelewa.